Pambo la Kupandwa na Baraza la Mlangoni

Je, kumiliki gari la Cadillac Escalade hapa Unguja ni israfu? Injini yake ya V8 ni ya lita 6.2, ina nguvu za farasi 420, na urefu wake unapita mita 5. Kisiwa chenyewe, toka Nungwi hadi Makunduchi, hakifiki kilomita 100. Anayelitetea ana hoja nzito: Sura ya An-Nahl katika Qur'ani, aya ya 8, inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo pia. Uzuri wa kipando, basi, ni neema. Nakubali. Wajenzi wa Mji Mkongwe nao hawakuuonea haya uzuri. Milango yao ya nakshi na misumari ya shaba ilitangaza mali ya mwenye nyumba. Lakini kando ya mlango palijengwa baraza, na mpita njia asiye na kitu alikaa hapo akapumzika. Fahari ile ilikuwa na fungu la mwengine. Gari hili limeundwa kinyume chake: vioo vyeusi, ukimya, kiti kilicho juu ya vichwa vya watu.

Ni kweli kwamba mali ile ilitokana pia na watumwa, ambao soko lao lilifungwa mwaka 1873. Sisemi mwenye baraza alikuwa mwema. Nasema jiwe la baraza lake lilimhudumia jirani bila kuombwa, ilhali mwenye Escalade pale Darajani lazima aamue mwenyewe, kila safari, kupunguza mwendo na kumpisha anayevuka. Katika Qur'ani hiyo hiyo, Luqman alimuusia mwanawe kiasi katika mwendo.