Nani Anabeba Mzigo wa Mwanafunzi?



Wengi wenu mnakumbuka Jumapili ile tulipomwombea kijana wetu aliyekuwa anakwenda Kampala kusomea uhandisi wa mitambo. Kwaya iliimba, wazee walimwekea mikono, na sadaka ya siku hiyo ikawa nauli yake. Tulifurahi, na ilikuwa halali kufurahi. Lakini tangu hapo swali moja limetusumbua, nasi tumeona tuliseme wazi: je, ni haki jamaa nzima ijinyime ili mmoja asome?

Kwanza tujue elimu yenyewe. Digrii hiyo ni ya miaka 4. Anayeiomba Makerere sharti awe amefaulu hesabu na fizikia katika Senior 6, na mwenye vyeti vya Congo hutakiwa kwanza vilinganishwe na vya Uganda. Husoma hesabu, michoro ya mitambo, uimara wa vyuma, mambo ya joto na injini, kazi ya karakana, na wakati wa likizo hutumwa kufanya mazoezi viwandani. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kikiwa na wavulana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wake walionyesha gari la umeme la viti viwili walilolitengeneza, Kiira EV. Basi mtu asidhani kwamba elimu hii ni kushika spana tu.

Pili, tujue gharama. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto wa mkimbizi haki sawa na mwenyeji katika shule ya msingi. Juu ya hapo anahesabiwa pamoja na wageni wengine. Misaada ya masomo ipo, kama ule wa DAFI ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi. Hivyo mara nyingi mzigo hurudi nyumbani. Mama anauza sehemu ya mgao, baba analima vibarua katika mashamba ya wenyeji, na mtoto mwingine anaambiwa angoje.

Kuna wanaosema, gaweni sawasawa kwa watoto wote. Neno hilo ni jema, ila digrii hainunuliwi nusu. Aliyesoma miaka 2 akakosa karo hapewi nusu ya cheti. Pesa kidogo ikigawiwa watoto 4, huenda wote 4 wakaishia njiani. Wengine wanasema, mmoja akifaulu atawainua wote. Hilo nalo ni tumaini tu, maana kazi haina hakika, na mhandisi anaweza kuoa, kuhama, au kupelekwa nchi ya tatu.

Likizo iliyopita kijana alirudi, tukamwomba atueleze anachojifunza. Alichora boriti iliyolala juu ya nguzo mbili, akaweka mzigo katikati. Akasema kila nguzo inabeba nusu. Ukiusogeza mzigo upande mmoja, nguzo ya upande ule inabeba zaidi na ya pili inapumzika, lakini jumla haibadiliki. Mzigo haupotei, unahama tu. Tena akasema kwamba kabla ya kupiga hesabu yoyote sharti mwanafunzi achore mishale yote inayoonyesha nguvu zinazosukuma na zinazobeba. Akisahau mshale mmoja, jibu lake ni la uongo, hata kama kujumlisha kwake ni sahihi.

Tukarudi nyumbani tukiwaza, na tukaona mshale tuliousahau. Dada yake aliacha shule akiwa Senior 2 ili karo itoshe. Sasa anauza mihogo sokoni. Siku ile ya maombi hakuna aliyelitaja jina lake. Tulipomwendea alisema, "Mchungaji, mimi sikatai kaka asome. Ila hakuna aliyeniuliza."

Wapendwa, hapo sisi viongozi tumekosa. Bwana alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Miaka mingi tumehubiri neno hilo kama habari ya pesa. Tulipaswa kuhesabu na watu.

Kwa hiyo hatusemi mmoja asisome. Tunasema mambo matatu. Kwanza, kabla ya mtoto kuondoka, jamaa iketi, na kila atakayebeba aulizwe, hata aliye mdogo. Sadaka ni ya anayeitoa kwa hiari. Aliyenyang'anywa hajatoa sadaka. Pili, msichague mvulana kwa sababu ni mvulana. Fizikia haiulizi. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana wanaoomba nafasi alama 1.5, kwa kuwa iliona wengi wao wanabebeshwa mengi kabla ya kufika mlangoni. Tatu, mwanafunzi ajue deni lake ni la nani. Si la ukoo mzima maisha yote, maana hatumsomeshi ili awe ng'ombe wa kukamuliwa. Ni la yule aliyebaki kwa ajili yake, na huyo ndiye wa kwanza kuinuliwa.

Kijana amekubali neno hili, lakini bado ana miaka 2 mbele. Dada yake ameomba kurudi Senior 3, na karo yake hatujaipata. Jumapili ijayo tutamwita mbele, tumwombee kwa jina lake, na sadaka ya siku hiyo itakuwa yake. Kwaya ijiandae kama ilivyojiandaa kwa kaka yake.