Mwacheni Kompaila Awakatalie

Wanangu mnaoanza kuandika programu, nina neno nanyi. Nawaona mkifika kwenye zile alama za pembe za Java, < na >, mnanakili walichoandika wenzenu na kusonga mbele. Ikifanya kazi mnashukuru, ikigoma mnabahatisha. Kazi hii haiendi kwa kubahatisha.

Zamani orodha katika Java ilipokea chochote. Ulitia jina la mteja, ukatia na deni lake, na kompaila hakusema neno, kwani kila kitu kilihesabiwa kuwa Object, mzazi wa klasi zote. Balaa lilikuwa kwenye kutoa. Ilibidi utamke mwenyewe kwamba hiki ni String, na ukikosea programu inaanguka kwa ClassCastException, tena ikiwa tayari mikononi mwa mtumiaji. Java 5, iliyotoka Septemba 2004, ndiyo iliyoleta aina jeneriki. Leo ukiandika List<String> kisha ukataka kutia nambari, unakataliwa papo hapo, kosa likiwa bado lako peke yako.

Wazo la aina jeneriki ni la zamani kuliko Java. Barbara Liskov na wenzake walilitumia katika lugha ya CLU pale MIT miaka ya 1970, na lugha ya Go ililikubali katika toleo 1.18, Machi 2022. Ukilishika vyema mara moja, utalikuta C#, Kotlin na kwingineko.

Sasa tuje kwenye mtego unaowanasa wengi. Integer ni mtoto wa Number. Je, List<Integer> nayo ni mtoto wa List<Number>? Hapana, na sababu yake ni hii: kama ingekuwa ndiyo, ningeipokea orodha yako ya nambari kamili kwa jina la List<Number>, nikatia 3.5 ndani, nawe ungekuja kuitoa ukidhani ni nambari kamili. Ukitaka kusoma tu, andika List<? extends Number>. Ukitaka kutia nambari kamili, andika List<? super Integer>. Joshua Bloch, katika kitabu chake Effective Java, aliifupisha kanuni hii hivi: anayetoa apewe extends, anayepokea apewe super. Ishikeni hiyo.

Jambo la mwisho ndilo zito. Kompaila wa Java akishamaliza kukagua, huzifuta aina zilizo ndani ya pembe. Programu inapoendeshwa, List<String> na List<Integer> ni klasi moja tu. Ndiyo maana huwezi kuandika new T(), hiyo T ikiwa jina linaloshikilia nafasi ya aina itakayotajwa baadaye. Na ndiyo maana ukiandika List tupu, bila kutaja aina yake, kitu kigeni kinaweza kuingia; kompaila hutoa onyo tu, hazuii. Programu itaanguka baadaye, siku ya kukitoa, kwenye faili jingine kabisa, nawe utamsaka mkosaji mahali ambapo hayupo.

Kwa hiyo onyo la kompaila lisomeni. Msibandike @SuppressWarnings, alama inayonyamazisha maonyo, ili kelele ziishe. Ibandikeni pale tu mlipohakikisha kwamba aina ni salama, kisha andikeni sababu kando yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala msivuke mpaka upande wa pili. Klasi inayoshughulikia ankara peke yake haihitaji T, iandikieni ankara. Aina jeneriki ni ya kazi inayofanana kwa vitu tofauti: kupanga, kuhifadhi, kutafuta.

Leo, kabla hamjalala, fungueni programu zenu, tafuteni kila List isiyotajiwa aina, muipe aina yake. Makosa yatakayojitokeza yalikuwemo siku zote; afadhali myaone nyinyi kabla ya wateja wenu.