Nafaka na Mafuta: Tuyachunguze Maneno Yenyewe



Kuna neno linalosumbua kundi letu, toka Kavimvira hadi Kalundu: kwamba mawese hayafai kupaka mgonjwa, mpaka mafuta ya zeituni ya dukani. Mjane asiye na pesa anabaki nyumbani na mtoto wake mwenye homa. Basi tuangalie maneno.

Katika Kumbukumbu la Torati 7:13 Mungu anaahidi kubariki nafaka, divai na mafuta. Nafaka kwa Kiebrania ni dagani, yaani ngano na shayiri za kule. Mahindi hayamo. Hayo yalitoka Amerika baada ya mwaka 1492, na Waswahili wakayapa jina la Uhindi, ingawa si huko yalikotoka! Hata hivyo mkulima wa bonde la Ruzizi akisoma neno hilo huona shamba lake la mahindi, wala hakosei. Tena neno nafaka tulilipata kwa Waarabu, na kwao ni matunzo ambayo mume anadaiwa na mke na watoto wake. Sikieni, akina baba: anayeuza gunia lote, akanywa pesa, nyumba ikalala bila bugali, huyo amekula nafaka kwa maana zote mbili.

Sasa mafuta. Kiebrania husema shemeni, neno lenye maana ya unono, kama vile futa letu. Kwa mafuta wafalme walipakwa. Ndiyo sababu Masihi, na Kristo kwa Kiyunani, maana yake ni Aliyepakwa. Katika Yakobo 5:14 neno la Kiyunani ni elaioni, nalo limetoka kwa jina la mzeituni. Hapo wanaotetea zeituni wana haki yao. Lakini mafuta hayo kwa watu wale yalikuwa ya jikoni, ya taa na ya vidonda (Luka 10:34). Kwetu ya jikoni ni mawese, mekundu, kutoka Fizi. Na mstari wa 15 unasema kinachomwokoa mgonjwa ni maombi ya imani, mti hautajwi.

Yule mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) alikuwa na unga kidogo na mafuta kidogo, ya kupikia tu. Mungu alivibariki vilevile vilivyokuwamo nyumbani.

Kwa hiyo mama akileta chupa ya mawese siku ya maombi, mashemasi wa zamu waipokee, wasimrudishe mlangoni. Yatakayobaki yapelekwe kwa wajane pamoja na unga.