Alichokitaka Mwanamke Asiyeandikwa

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimkamata Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewalisha watu wake kiapo cha kuukataa utawala wa Waingereza, ikampeleka uhamishoni Kisii, mbali kabisa na Pwani yake. Mwaka uliofuata alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Kumbukumbu za utawala zinataja kukamatwa kwake na kutoroka kwake. Alikula nini katika mamia hayo ya kilomita, alimwamini nani, alitamani kukata tamaa mara ngapi? Hayo hayakuandikwa.

Hapo ndipo riwaya ya kihistoria inapopata nafasi, na hapo ndipo swali gumu linapozuka. Mtu aliyeishi kweli akitiwa mawazo kichwani na mwandishi ambaye hakuwahi kumwona, je, anarudishiwa haki yake au anaporwa mara ya pili?

Wengi hujibu kwamba haki ni kumtukuza. Jibu hilo halitoshi, na hadithi inayosimuliwa pande zote za Sondu, soko la mpakani kati ya Wajaluo na Wakipsigis, inaonyesha kwa nini. Lwanda Magere wa Kano, shujaa wa Wajaluo, alikuwa na mwili wa jiwe; mikuki ya Lang'o, kama Wajaluo walivyowaita majirani zao Wakalenjin, haikumpenya. Akaozwa binti wa Lang'o. Alipougua alimwambia mkewe achanje kivuli chake, si mwili wake, na siri ikafichuka. Mke akatoroka, vita vikaja, kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akageuka mwamba. Mwamba una jina lake, na tamthilia ya Okoiti Omtatah ya mwaka 1991 pia. Mke hujulikana zaidi kama binti wa Lang'o. Kwa Wajaluo ni msaliti. Kwao alikotoka ni jasusi hodari. Lakini anayemsifu na anayemlaani wanafanya kosa lile lile: wote wanampima kwa faida au hasara aliyowaletea wanaume wenye mikuki. Yeye mwenyewe alitaka nini? Sondu, ambako Wajaluo na Wakipsigis, ambao ni Wakalenjin, wameuziana na kuoana kwa vizazi, ingelielewa swali hilo upesi.

Nyumba moja ya Nyanza inaonyesha namna nyingine ya kuuliza. Mwaka 1967 mwanahistoria Bethwell Ogot alichapisha historia ya Wajaluo wa kusini, akifuatilia kuhama na kulowea kwao tangu 1500 hadi 1900 kwa masimulizi ya wazee. Ni kazi kubwa iliyoyapa mapokeo ya mdomo heshima chuoni. Mwaka mmoja kabla yake, mkewe Grace Ogot alikuwa ametoa riwaya ya *The Promised Land*, nayo pia ni ya kuhama: Ochola anaamua kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, na Nyapol, mkewe, hataki kuondoka. Katika historia, ukoo unahama. Katika riwaya, ndani ya ukoo huo huo yumo mtu anayefunga mizigo kwa shingo upande. Mwanahistoria hana lawama, kwani yeye hufungwa na ushahidi, na kusitasita kwa mke hakuachi ushahidi.

Basi deni la mwandishi kwa mwanamke aliyesahauliwa ni kumrudishia utashi wake, hata ule usiopendeza. Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyezaliwa Asembo, alilielewa hilo. Katika *The River and the Source* ya 1994, iliyotokana na masimulizi aliyopokea kwa mamake kuhusu wanawake wa ukoo wao, Akoko anasingiziwa uchawi na mama mkwe. Anakasirika, anafunga safari, anarudi kwao Yimbo. Baadaye, akiwa mjane, anakwenda Kisumu kumshtaki shemeji anayenyakua uchifu. Kiburi kile kile kinachomtoa kwa mumewe ndicho kinachomfikisha mbele ya serikali, na Ogola hakukifuta ili tumpende zaidi.

Hata hivyo, Ogola aliandika riwaya, hakudai kuandika wasifu. Anayetumia jina halisi, kama la Mekatilili, amebanwa zaidi: hawezi kubadili tarehe ya kukamatwa, kumpa mwanamke ushindi ambao hakuupata, wala kumkabidhi hoja za karne yetu azihubiri. Wajukuu wa mwanamke huyo wapo, nao wana haki ya kujua ushahidi umeishia wapi na ubunifu umeanzia wapi. Dibaji ya ukurasa mmoja inatosha kuwaeleza.