Mtoto aliyekwama kusoma anahitaji Haruni, si bakora

Wahyi wa kwanza wa Allah (s.w.) kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) ulianza na amri ya kusoma.

Ndugu msomaji, nina jambo la kukiri. Katika madrasa ninayofundisha hapa Singida yupo mtoto wa miaka minane. Ukimsomea sura fupi mara mbili tatu anaihifadhi, lakini ukimwonesha ba, ta na tha anazichanganya. Nilimwita mvivu, nikamchapa. Baadaye mama yake akaniambia kuwa hata shuleni ni hivyo hivyo, na kwamba sasa analia kila saa ya madrasa inapofika. Niliona haya.

Si mtoto mmoja. Utafiti wa Uwezo, uliofanywa nyumba kwa nyumba mwaka 2010, ulionesha kuwa takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu nchini waliweza kusoma hadithi nyepesi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hapa kwetu watoto wengi wa vijijini hukua na Kinyaturu au Kinyiramba, shuleni wakakutana na Kiswahili, madrasa Kiarabu. Wengine hawasikii au hawaoni vizuri. Wengine wana disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti yake, ambao si upungufu wa akili. Wataalamu wanasema mtoto huyo akigunduliwa mapema, akafundishwa sauti moja moja kwa subira na kurudia, hupiga hatua.

Nabii Musa (a.s.) alikuwa na fundo katika ulimi. Alimuomba Mola wake amfungulie, tena ampe msaidizi, nduguye Haruni (a.s.). Akajibiwa. Aliyemkebehi kwa kutosema kwa ufasaha alikuwa Firauni. Basi mwalimu anayemcheka mtoto aliyekwama ajiulize, anafuata mwendo wa nani?

Wazazi, mpelekeni mtoto akapimwe masikio na macho kabla ya kumwita mzito. Walimu, tumkalishe na mwenzake anayesoma vizuri awe Haruni wake, na asipoelewa tumueleze kwa lugha ya nyumbani kwao. Kamati za misikiti zipunguze msongamano wa watoto kwa mwalimu mmoja.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayesoma Qur'an kwa kukwamakwama na kwa taabu ana malipo mara mbili. Yule ambaye Allah amemuandalia ujira mara mbili, mimi nilimpa bakora. Nimemuomba radhi. Juzi ameitambua ba bila kukosea.