Siri ya Mfalme: Mpaka kati ya Kuficha na Kudanganya

Kuanzia kama mwaka 1745 hadi 1774, Mfalme Louis XV wa Ufaransa alikuwa na sera mbili za nje. Moja iliendeshwa na mawaziri wake. Ya pili aliiendesha mwenyewe kwa barua za siri, na mawaziri hao hawakutakiwa kuijua. Mtandao wa mabalozi, makarani na wapelelezi walioitumikia sera hii ya pili uliitwa Siri ya Mfalme. Wafalme wengine wa Ulaya nao walikuwa na majasusi, lakini siri zao walimficha zaidi adui. Louis aliwaficha kwanza watu wa nyumbani mwake. Hapo ndipo linapozuka swali zito la maadili: je, mtawala ana haki ya kuwadanganya wanaomtumikia?

Chanzo kilikuwa Polandi. Ufalme wa nchi hiyo haukuwa wa kurithi. Makabaila ndio waliomchagua mfalme, na kila kiti kilipobaki wazi madola jirani yalijipenyeza kwa fedha na majeshi. Kundi la makabaila wa huko lilimwendea Conti, ndugu wa Louis katika ukoo wa kifalme, likitaka awanie kiti hicho. Louis aliafiki kimyakimya. Mwaka 1752 Comte de Broglie alitumwa Polandi kuwa balozi akiwa na maagizo mawili: ya waziri na ya mfalme. Baadaye ndiye aliyeuongoza mtandao, akisaidiana na Jean-Pierre Tercier, karani mkuu wa wizara ya mambo ya nje. Matawi yake yalifika Stockholm, Petersburg na Constantinople.

Mwaka 1756 maagizo hayo mawili yaligongana. Ufaransa ilifunga mkataba na Austria, hasimu wake wa muda mrefu, na kwa njia hiyo ikajikuta upande mmoja na Urusi. Kazi ya mtandao, hata hivyo, ilibaki kuizuia Urusi isiitawale Polandi. Balozi aliyeshika maagizo yote mawili alilazimika kumtii bwana wake asubuhi na kumpinga jioni, na bwana huyo ni yule yule mmoja.

Wanafikra wa Kikristo walikuwa wamelijadili jambo hili tangu karne nyingi kabla. Karibu na mwaka 420, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, aliulizwa kama Mkristo anaweza kujifanya mfuasi wa Priscillian ili awafichue wafuasi wa uzushi huo waliojificha. Alikataa: uongo haugeuki kuwa halali kwa kuwa umekusudiwa kuufichua uongo mwingine. Katika karne ya 13, Thomas wa Akwino aliweka mpaka ulio wazi zaidi. Jemadari anaruhusiwa kuficha mipango yake, kwa sababu hakuna anayewajibika kumfunulia adui kila alicho nacho moyoni. Lakini kumwambia uongo au kuvunja ahadi aliyompa ni kosa, hata vita vikiwa vikali. Hugo Grotius, katika kitabu chake cha mwaka 1625 kuhusu sheria za vita na amani, alikubali kwamba sheria ya mataifa inaruhusu kutuma wapelelezi, akiwataja wale ambao Musa aliwatuma Kanaani.

Kwa kipimo hicho cha kuficha na kudanganya, kosa la Louis halikuwa kuwa na siri. Dola yoyote ina mambo ambayo yakitangazwa kabla ya wakati huwaponza watu wake. Kosa lilikuwa kuwapa mawaziri kazi ambayo yeye mwenyewe aliibomoa, na kuwaacha watumishi wa siri waumie kwa ajili yake. Mwaka 1759 Tercier alipoteza cheo chake wizarani, naye mfalme hakumtetea hadharani. Kazi ya siri aliendelea kuifanya. Mwaka 1762 Broglie alifukuzwa kutoka makao ya kifalme kwa amri ya Louis, huku Louis huyo huyo akimwagiza kwa siri aendelee kumwandikia. Uaminifu wa watu hawa ulilipwa kwa aibu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo ilikuwa Chevalier d'Éon, mwanadiplomasia wa Ufaransa huko London na mtumishi wa mtandao huo. Mwaka 1763, miezi michache baada ya mkataba wa amani na Uingereza, aliagizwa asimamie upelelezi wa njia ambazo jeshi la Ufaransa lingepitia kuivamia nchi hiyo. Alipogombana na balozi wake London, alikataa kurudi nyumbani na kuyashikilia maagizo hayo ya siri ya mfalme, akitishia kuyafichua. Mwaka 1766 Louis alimpa pensheni ya livre 12,000 kwa mwaka. Mfalme aliyeanzisha siri ili awe huru alikuwa sasa mateka wake.

Mwaka 1772 Urusi, Prussia na Austria ziligawana sehemu kubwa ya ardhi ya Polandi, na Siri ya Mfalme haikuweza kuzuia lolote. Louis alifariki kwa ndui tarehe 10 Mei 1774. Mrithi wake, Louis XVI, aliuvunja mtandao na kuwapa watumishi wake pensheni.

Mwaka 1795 Immanuel Kant alitoa kipimo kinachofika kwenye kiini cha jambo: tendo linalogusa haki za wengine si la haki iwapo kanuni yake haiwezi kutangazwa bila kujiharibu. Kipimo hiki hakidai kila barua isomwe sokoni. Kinauliza kama kanuni yenyewe inaweza kusemwa waziwazi. Mfalme anaweza kutangaza kwamba hatafichua mazungumzo kabla hayajakamilika, na bado akaaminiwa. Hawezi kutangaza kwamba atawadanganya mawaziri na kuwatupa watumishi wake, kwani siku hiyo hiyo hatapata wa kumtumikia. Haki ya mtawala ya kuficha inakomea hapo, palipo na imani ya wale waliomkabidhi utumishi wao.