Ukongwe wa Shule: Fahari au Deni?

Kila shule kongwe hupenda kuhesabu miaka yake, na jambo hilo si baya. Lakini yatupasa tujiulize: je, umri wa shule ni fahari tu, au ni deni pia?

Tuitazame Uganda. Mwaka 1902 mapadri wa Mill Hill walianzisha shule ya Namilyango. Mwaka 1906 Mapadri Weupe walianzisha shule ya Mtakatifu Maria, iliyohamia Kisubi baadaye. Shule hizo zilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Hoja ilikuwa kwamba akifunzwa atakayetawala, watawaliwa nao watafaidika. Hoja hiyo haikukosa maana, ila ilimpima mtoto kwa cheo cha babaye.

Leo mlangoni hakuulizwi uchifu, huulizwa ada. Kusini-mashariki ya Mbarara yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Siku hizi wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili huwakutanisha wengi wao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mtoto wao haki sawa na ya mwenyeji katika elimu ya msingi. Akimaliza darasa la saba, hata akifaulu vizuri, Mbarara yenye shule nyingi za sekondari, zikiwamo za Kanisa, i karibu naye kwa njia lakini i mbali kwa fedha.

Watasema wenzetu kwamba shule haiendeshwi kwa huruma: walimu hula, na mapaa huvuja. Ni kweli, nasi tunaoishi kwa mshahara hatuwezi kulikana hilo. Hata hivyo, shule za misioni hazikujengwa kwa ada peke yake. Zilijengwa pia kwa sadaka za waumini wa mbali na kwa mikono ya Wakristo wenyeji, ambao wengi wao watoto wao hawakupata kuketi katika madarasa hayo. Aliyerithi kilichotolewa bure hana haki ya kukiuza chote kana kwamba alikinunua.

Wala dai hili si letu. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu, uliagiza shule za Kikatoliki ziwajali hasa maskini na wale waliokosa msaada wa jamaa zao. Mtoto wa Nakivale aliyepotewa na wazazi vitani amo katika maneno hayo.

Hatusemi milango yote ifunguliwe kwa siku moja. Twasema nafasi chache zitengwe kila mwaka, na Kiswahili cha mtoto huyo kisihesabiwe kuwa ujinga. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi siku ya jubilei, yakisomwa majina ya mawaziri na maaskofu waliotoka shuleni, isomwe pia hesabu ya watoto waliopokewa bila ada.